Ukuta wa Lipualipua

Fundi Wembe alipewa jina hilo kwa sababu mbili, na wateja wake hawakuwahi kukubaliana ipi ilitangulia. Wengine walisema ni vipimo vyake: akikwambia chuma kimelika unywele mmoja, ni unywele mmoja kweli. Wengine walisema ni ulimi. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, mwembamba, kichwa amenyoa, na kazi yake ilikuwa moja tu, injini kuukuu. Breki hakugusa, taa hakugusa, rangi hakupiga. Ukimletea gari lililochoka aliishusha injini, akaifumua mpaka chuma cha mwisho, akaosha, akapima, akabadilisha kilichokufa, akaifunga upya. Wiki tano, wakati mwingine saba.

Katika kufumua ndimo alimokutana na madhambi ya wenzake. Gereji yake ilikuwa chumba kirefu chenye milango ya bati, na ukuta wa kushoto, juu ya meza ya kazi, alikuwa ameupigilia misumari mistari mitatu. Kwenye kila msumari alitundika kitu alichokitoa ndani ya injini ya mtu. Palikuwa na sarafu iliyotumiwa kama washa, na kipande cha kandambili kilichokalia nafasi ya gasketi. Palikuwa na bolti iliyokatika, kichwa chake kikabandikwa kwa gundi ili kionekane kipo. Chini ya kila kitu aliandika maneno kwa chaki. Chini ya bolti ile aliandika: "Huyu kipaji chake kilikuwa maigizo." Wauza vipuri wa mtaa ule waliuita ukuta wa lipualipua, yaani kazi za kubabaisha, na walikuwa wakileta wageni wao kuusoma.

Jumanne moja asubuhi lori liliingia uani likivuta gari dogo la zamani, la rangi ya maziwa, matairi yote manne yamekaa chini. Kwenye usukani wa gari lile alikuwa amekaa mama wa miaka sitini na kitu, miwani puani, ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Lori liliposimama alivuta breki ya mkono, akashuka, akafunga mlango taratibu.

"Shikamoo, mama," Wembe alisema.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe unafufua."

"Nafufua injini tu, mama. Watu siwawezi."

"Watu niachie mimi. Nimepokea watu miaka thelathini na nne. Nilikuwa mkunga."

Kuanzia hapo pale gereji alikuwa Mama Mkunga. Alieleza kwa ufupi. Gari lilikuwa la mume wake, karani wa mahakama, aliyefariki mwaka wa kumi huu. Lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba tangu kabla ya msiba. Wanawe walimtaka aliuze kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu. Yeye alitaka liwake.

"Pole, mama," Wembe alisema.

"Nimeshapoa."

"Na likiwaka, nani ataliendesha?"

"Mimi. Najifunza. Mtihani nimeshindwa mara moja, nimelipia tena."

Wembe alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii. Akafungua boneti, akainamisha kichwa, akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi juu alikuwa na furaha ya mtu aliyekuta karamu.

"Mzee alikuwa anapeleka gari kwa fundi gani?"

Mama Mkunga alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa na fundi wake," alisema.

"Basi fundi wake huyo tutamjua vizuri. Injini haifichi siri."

Wiki ile ile Wembe alianza kufumua, na kweli, haikuficha. Mpira wa maji wa rejeta ulikuwa umepasuka ukashonwa, umeshonwa kwa uzi wa viatu, halafu ukazungushiwa mpira wa baiskeli. Chini ya mfuniko wa valvu, gasketi ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye jalada la ofisini; maandishi yalikuwa bado yanasomeka, "Jalada Na.", na mstari wa kuandika tarehe. Kwenye ubavu wa injini kuna vizibo vitano vya bati vinavyozuia maji ya kupoza yasimwagike. Vinne vilikuwa vya bati. Cha tano kilikuwa cha mti.

Wembe alikitoa kile kizibo kwa nyundo na tindo, akakiweka kiganjani, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akakitundika ukutani akaandika: "Seremala aliyepotea njia." Chini ya gasketi akaandika: "Kesi imeahirishwa." Mpira wa maji nao ukapata msumari wake.

Mama Mkunga alikuwa akija kila Alhamisi, akitoka kwenye somo lake la udereva. Alikalishwa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa kwenye gari jingine, na Wembe akamsomea mashtaka ya wiki ile.

"Tazama hii, mama. Mpira wa maji umeshonwa. Umeshonwa! Huyu alikuwa anatengeneza gari au anashona kanzu?"

"Ameshona vibaya?"

"Kushona ameshona vizuri. Lakini nani alimtuma kushona?"

Mama Mkunga aliomba kuushika. Akaupitisha vidoleni, mshono kwa mshono, akaurudisha. "Endelea," alisema. "Na nini kingine?"

Na Wembe aliendelea, maana msikilizaji kama yule alikuwa hajampata. Wateja wengine ukiwaambia gari lao liliharibiwa na fundi fulani wanakasirika, wanataka kwenda kugombana. Yule alikaa tu na mkoba mapajani, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikiliza redio. Wembe akanogewa. Alimwita fundi yule mchinjaji. Alimwita bingwa wa bora liende. Alhamisi moja alimwigiza, akitembea na spana kisogoni, amekunja uso, akitafuta mahali pa kuchomeka kijiti. Mama Mkunga alicheka kwa sauti, akatoa leso, akajifuta macho, akasema tena, "Endelea."

Wiki ya tatu injini ilikuwa imelazwa mezani, tumbo juu. Wembe alifika kwenye konrodi, ile mikono inayoshika pistoni kwenye krenki, mhimili unaozunguka ndani ya injini. Kila mkono una beringi zake, vipande viwili vya chuma laini vilivyopinda kama kucha, ambavyo krenki huzunguka ndani yake. Alifungua ya kwanza, akafungua ya pili. Alipofungua ya tatu alikuta beringi hazimo. Mahali pake palikuwa na ukanda mweusi wa ngozi uliokunywa oili ukawa kama kipande cha nyama iliyokaushwa. Aliufuta kwa petroli. Ulikuwa na matundu mawili ya duara, yaliyozungushiwa vyuma vidogo vya shaba.

Alhamisi hakungoja mama akae. "Mama, leo nimefika mwisho wa dunia," alisema. "Nimefanya kazi hii tangu sijaota ndevu. Sijawahi. Huyu mtu alifunga injini kwa mkanda wa suruali." Akauinua kwa koleo, ukaning'inia mbele ya dirisha.

Mama Mkunga hakucheka. Aliupokea kwa mkono mtupu, akaugeuza. Kwa nyuma, karibu na tundu la pili, palikuwa na alama mbili zilizochorwa kwa kitu chenye moto. Alizipitishia kidole gumba.

"Huu nilimnunulia mimi," alisema. "Hizi ni herufi zetu. Nilimpa tulipotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa."

Wembe alibaki na koleo mkononi. Alitazama mkanda, akatazama ukuta, akaona kizibo, akaona gasketi ya karani wa mahakama iliyokatwa kwenye jalada.

"Mama," alisema. "Fundi wake alikuwa nani?"

"Kaa chini, mwanangu."

Alikaa juu ya tairi.

"Kila Jumamosi alikuwa ananiaga, anapeleka gari kwa fundi. Anarudi jioni kucha nyeusi. Nikimuuliza anasema alimshikia fundi taa. Mimi nimetazama mikono ya watu maisha yangu yote. Mtu aliyeshika taa hachubuki vifundo vya vidole. Siku moja dada mmoja wa pale zahanati akaniambia amemwona baba watoto nyuma ya uwanja wa mpira, amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iko nje. Nikamwambia amefananisha."

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?"

"Shughuli yake ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine kutwa nzima. Fulani akasema hivi, fulani akajibu hivi. Lile gari ndilo lilikuwa lake. Nikafunika kombe." Aliuweka mkanda mapajani. "Ila hili la mkanda sikulijua. Aliniambia ameusahau msalani hospitali. Nilimsema wiki nzima. Nilimwambia mtu anayepoteza zawadi ya mkewe atakuja kupoteza na mke. Akanyamaza tu."

Kisha akamweleza ilivyokuwa. Alikuwa ameitwa kwa mzazi mmoja mbali na mji, msichana wa uzazi wa kwanza, mtoto amekaa vibaya. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Mumewe akaacha chakula mezani, akampeleka. Walimlaza yule mzazi kiti cha nyuma wakashika njia ya hospitali, na katikati ya barabara ya vumbi, jua la saa saba, injini ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Mumewe akasimamisha gari.

"Akaniomba beseni. Nikamuuliza la nini, akasema la kunawia. Nikampa la plastiki nikarudi kwa mgonjwa wangu. Saa nzima, nadhani na zaidi. Nilikuwa nasikia spana chini yetu, naye anapiga mluzi. Alikuwa hapigi mluzi mpaka awe na hofu. Akatoka, akamimina oili aliyoikinga kwenye beseni langu, akasema, 'Ilikuwa bolti imelegea tu.' Tukaenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Mtoto akazaliwa saa kumi na nusu, kilo tatu na robo. Nikatoka kumwambia, nikamkuta kwenye korido amesimama mkono mfukoni, amejikunja. Nikadhani tumbo linamuuma. Kumbe alikuwa ameshika suruali."

Hapo alicheka, na machozi yakamshuka bila yeye kuyazuia, akaacha yashuke.

"Alilirudisha nyumbani vile vile, pole pole, akaliegesha. Akasema litakwenda kwa fundi Jumamosi. Jumamosi ile alikuwa na homa. Ndiyo ikawa safari yake, hakuamka vizuri tena."

Wembe alinyanyuka, akachukua kitambaa, akakilowesha kwenye ndoo, akauendea ukuta. Alianza na "Seremala aliyepotea njia".

"Unafanya nini?"

"Nafuta, mama. Nimekukosea. Wiki tatu nakutukania mumeo usoni, na nimemwigiza. Ungeninyamazisha."

"Ningekunyamazisha ungenyamaza," Mama Mkunga alisema. "Ndiyo maana sikukunyamazisha."

Wembe aligeuka.

"Tangu azikwe, mwanangu, watu hawamtaji. Wanangu wakija wanamkwepa baba yao kama dereva anavyokwepa shimo. Wanaogopa nitalia. Majirani hivyo hivyo. Miaka yote hii hakuna mtu aliyemkasirikia, hakuna aliyemcheka. Wewe kila Alhamisi ulikuwa unagombana naye kama yupo hapa mlangoni anakujibu. Nilikuwa nikitoka hapa nafika nyumbani nimeshiba."

Wembe alirudi akakaa kwenye tairi lake, kitambaa kinadondosha maji kati ya miguu.

"Kuna mambo niliyaona sikuyaandika," alisema. "Kile kizibo ni mti mgumu, na kilichemshwa kwenye oili kabla ya kupigiliwa ili kisivimbe. Kimekaa miaka yote hiyo hakijavuja tone. Na huu mkanda, tazama ncha zake. Amezipunguza kwa kisu kidogo kidogo, zikawa nyembamba kama karatasi, ili krenki isikwaruzwe. Mtu amelala chini ya gari la moto, mgonjwa analia juu yake, bado anapunguza ncha."

"Kwa nini hukuyaandika?"

"Hayachekeshi."

Mama Mkunga alitikisa kichwa polepole. "Lakini ulichoandika pia ni kweli. Angeweza kutuua njiani."

"Angeweza," Wembe alikubali. Hakutaka kumdanganya. "Ngozi ile ilikuwa imebakiza kilomita chache tu."

"Alikuwa fundi mbaya."

"Mbaya sana, mama."

"Basi acha maandishi yako. Mkanda nitakwenda nao."

Alhamisi iliyofuata alikuja na kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi ya chai. Alikuwa amekikuta zamani kwenye droo ya mumewe, chini ya vitambulisho na miwani yake, na hakuwahi kujua ni nini. Tangu asimuliwe habari za beringi kichwa chake kilikuwa kinamgonga. Wembe akafungua. Zilikuwa beringi za konrodi, mpya, seti nzima, bado zina grisi ya kiwandani.

"Alikuwa amezinunua," Mama Mkunga alisema. "Kwa hiyo alikuwa na nia. Zitafaa?"

Wembe alizitazama kwa muda. Alichukua kipimo chake, akapima krenki mahali pa konrodi ya tatu, akapima juu, akapima ubavuni, akarudia. Jibu alikuwa analijua kabla hajapima. Njiani ile, kabla ya ngozi kuingia, chuma kilikuwa kimeshagongana na chuma. Krenki ililika, ikawa yai badala ya duara. Ilikuwa lazima ikasagwe, na ikishasagwa inataka beringi nene kuliko zile. Aliwaza pia kwamba kusema ndiyo ni neno moja tu. Angezifunga gazetini, angeweka nyingine, na mama wa watu angeendesha miaka yake yote akijua amekalia kazi ya mumewe. Nani angefumua tena kuangalia?

"Hazitafaa, mama," alisema. "Hizi ni za krenki nzima. Yetu imeliwa. Nikiziweka itagonga kabla hujafika sokoni."

Mama Mkunga alichukua moja, akaigeuza.

"Kama angewahi kuziweka kabla ya ile safari?"

"Zingefaa. Saizi ni yake kabisa. Hapa hakukosea."

"Hapa hakukosea," Mama Mkunga alirudia, na ilionekana hilo lilimtosha, maana alizifunga tena gazetini mwenyewe. "Basi weka zinazofaa. Nataka kufika ninakokwenda."

Krenki ilikwenda kusagwa, ikarudi inang'aa. Pistoni mpya, ringi mpya, vizibo vitano vya bati, mpira wa maji usio na mshono. Wembe aliifunga injini ile kwa siku tisa badala ya sita, na muuza vipuri mmoja aliyepita akamuuliza kama anamfungia mkwe. Hakujibu, na hilo nalo likazungumzwa mtaani.

Mama Mkunga alifaulu mtihani wake siku ya Jumatano. Siku ya pili yake alikuja na leseni ndani ya mkoba, akamwonyesha Wembe kabla ya salamu. Binti yake mkubwa alikuwa amemsindikiza, amevaa nguo za ofisini. Alisimama karibu na milango ya bati akitazama ukuta.

"Mama kaniambia hivi ni vya baba," alisema.

"Hivi vitatu," Wembe alimwonyesha.

Binti aliisoma gasketi. "Jalada," akasema, na kona ya mdomo ikamcheza. "Mama, kumbe ndiyo maana alikuwa anarudi na majalada matupu nyumbani?"

"Aliniambia ni ya kuchorea ninyi."

"Hatukuwahi kuchorea hata moja."

Wakatazamana, wakacheka wote wawili, kwanza kwa aibu, halafu bila aibu. Wembe akajishughulisha na betri ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Injini iliwaka kwa mara ya pili kupigwa. Ya kwanza ilikohoa tu. Ilitoa moshi kidogo, ikatulia, na Wembe akainama, kiganja juu ya mfuniko, akasikiliza kila silinda. Hapakuwa na kugonga. Mama Mkunga alikuwa kwenye usukani, ameshasogeza kiti mbele mpaka magoti yanagusa dashibodi.

"Injini iliyofungwa upya haikimbizwi," Wembe alimwambia. "Kilomita mia tano za mwanzo ni pole pole. Nitakaa pembeni tuzunguke mpaka barabara ya juu, turudi."

Binti alikataa kupanda. Alisema anaipenda roho yake. Mama Mkunga alizima gari mara mbili kabla hawajatoka uani, mara moja tena kwenye kona, na lori nyuma yao likapiga honi ndefu. Wembe alikaza miguu sakafuni lakini mikono akaiacha mapajani.

"Klachi iachie taratibu, mama. Kama unamwachia mtoto mkono anayejifunza kutembea."

"Usinifundishe kazi yangu," alisema, akaachia taratibu, gari likaenda.

Walipita mbele ya maduka, wakapita shule, wakapandisha mlima mdogo kwa gia ya pili. Alikuwa anaendesha kama mtu anayesoma barua kwa sauti, neno kwa neno. Walipofika tambarare, Wembe aliona mabega yake yamelegea kidogo.

"Mzee," Wembe alisema, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Mkunga hakumgeukia, alikuwa amefundishwa asiondoe macho barabarani.

"Alikuwa hawezi kula bila kusimulia," alianza. "Chakula kinapoa, yeye yuko kwenye kesi ya mtu na jirani yake kuhusu mbuzi. Anawaigiza wote wawili, na mbuzi pia."

"Mbuzi alikuwa anasemaje?"

"Mbuzi ndiye pekee aliyekuwa anasema ukweli."

Akasimulia ya mbuzi. Ya mbuzi ikazaa ya hakimu aliyelala kitini, na ya hakimu ikazaa ya siku walipooana, viatu vya bwana harusi vimeazimwa, kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Njia panda ya kurudi gereji ikatokea mkono wa kulia. Wembe aliiona, na palikuwa na injini nyingine mezani inayomngoja, na chakula chake cha mchana. Hakusema kitu. Mama Mkunga akakanyaga klachi, akaingiza gia ya tatu bila kuikwaruza, wakaipita njia panda wakaendelea, naye akiwa amefika mahali ambapo kiatu kikubwa kinamchomoka bwana harusi mguuni.